Majina ya nguo kwa Kihispania: chagua nchi kwanza

Juzi nilikuwa namsaidia fundi mmoja wa vitenge kuandika maelezo ya nguo zake, wateja wake wengine wako Hispania wengine Meksiko, nikaona bora niyaweke hapa maana wengi mtakwama palepale: majina ya nguo hubadilika nchi hadi nchi.

Hatua ya 1: Amua nguo inaenda nchi gani. Kabla hujagusa kamusi.

Hatua ya 2: Maliza zile rahisi. Pantalón (suruali), camisa (shati), vestido (gauni), zapatos (viatu), kote wanakuelewa. Ila ukiona vestido de baño huko Kolombia usidhani ni gauni, ni nguo ya kuogelea.

Hatua ya 3: Nguo za juu. Hapa tulia kabisa maana ndo panakula muda. Tisheti Hispania ni camiseta, Meksiko playera, Argentina remera, Chile polera, na hiyo polera uiandike kwa l moja tu, ukiongeza ya pili inakuwa pollera ambayo Argentina ni sketi, na Buenos Aires hiyo ll wanaitamka kama sh. Jaketi nayo: Hispania chaqueta, ikiwa fupi ya kuishia kiunoni wanaita cazadora, Argentina campera, Meksiko chamarra. Tafadhali Meksiko usitangaze chaqueta, mtaani ina maana ya aibu na siiandiki hapa, wadogo wanasoma. Sweta Hispania ni jersey, Peru chompa, Bogotá wanasema saco, lakini saco hiyohiyo ukivuka kwenda Meksiko au Argentina ni koti la suti, ambalo Mhispania analiita americana. Sudadera kwa Mhispania ni sweta la michezo, lenye kofia au lisilo nayo, kwa Mkolombia ni traksuti. Medias je? Hispania ni zile soksi ndefu za kina dada, Argentina na Kolombia ni soksi za kawaida tu.

Hatua ya 4: Hakiki kwa picha. Programu za kutafsiri mimi siziamini kwa kazi hii, zinakupa neno moja halafu hazikwambii la wapi. Ingia duka la nguo la mtandaoni la nchi husika, andika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, tazama kinachotokea. Ukitaka uhakika zaidi kuna Diccionario de americanismos ya 2010, yaani kamusi ya Kihispania cha nchi za Amerika, iko bure mtandaoni, kila neno lina kifupisho cha nchi, Mx, Ar, Ch na kadhalika. Maneno ya Hispania yenyewe usiyatafute humo.

Hatua ya 5: Jinsia. Neno la rangi hufuata jinsia ya nguo, mfano nyekundu: vestido rojo (gauni, la kiume), blusa roja (blauzi, ya kike). Basi.

Kama tangazo ni moja kwa nchi zote, weka camiseta kwenye kichwa, kisha playera na remera kwenye maelezo, na picha iwe kubwa, la sivyo Muargentina akiona camiseta atadhani unauza jezi ya mpira.