"Direct" ni nani? Kujua wageni wa tovuti yako wametokea wapi

Yaya mmoja (dada mkubwa, kama tunavyosema hapa) anayeshona magauni ya vikwembe kule Birere, hapa Goma, alinijia na simu mkononi. Alikuwa ametoa dola zake kwa matangazo ya Facebook, na sasa Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu wageni wa tovuti, inamwonyesha kwamba wageni wengi wa tovuti yake wametoka kwa "Direct". Akaniuliza: "Mdogo wangu, huyu Direct ni nani? Mbona simlipi na ndiye ananiletea watu?" Tulicheka, kisha tukakaa hadi usiku. Tulifanya hivi.

Hatua ya 1: Fungua ripoti

Nadhani Analytics umeshaiweka. Kama unaitumia kwa Kifaransa kama wengi wetu, bonyeza Rapports, kisha Acquisition, kisha Acquisition de trafic. Ile ya jirani, ya "utilisateurs", iache: inaeleza mtu alikuja kwa njia gani mara ya kwanza kabisa. Sisi tunataka kila ziara.

Hatua ya 2: Badilisha safu ya kwanza

Chagua Source/Support. Hapo majina yanajitokeza: google / organic ni waliokupata kwa kutafuta, bila wewe kulipa. Ukiona m.facebook.com, l.facebook.com na lm.facebook.com, usidhani ni tovuti tatu. Zote ni Facebook, jumlisha.

Hatua ya 3: Mfahamu huyo Direct

Mtu akibonyeza kiungo ndani ya tovuti fulani, kwa kawaida kivinjari chake huiambia tovuti anakokwenda ametokea wapi. Akibonyeza kiungo hichohicho ndani ya WhatsApp, mara nyingi hakuna kinachosemwa. Analytics ikikosa habari, inamtupa mgeni kwenye Direct. Kwa hiyo Direct si lazima awe mteja aliyekariri anwani yako akaiandika mwenyewe. Ni kapu la wasiojulikana, na kwetu huku, ambako biashara yote iko kwenye magrupu ya WhatsApp, kapu hilo hujaa haraka. Yaya alikuwa anaweka magauni yake kwenye Statut kila asubuhi!

Hatua ya 4: Vipe viungo lebo (soma polepole)

Dawa ni kuongeza maneno machache mwishoni mwa anwani kabla ya kuisambaza:

?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=harusi-agosti

Source ni mahali, medium ni aina ya njia, campaign ni jina unalojichagulia. (Hiyo "u" ya utm ni ya Urchin, kampuni ambayo Google iliinunua mwaka 2005 na kuigeuza Analytics.) Kwa tangazo la kulipia la Facebook, weka facebook kwenye source na paid kwenye medium, ili lisichanganyike na machapisho ya bure. Maneno ya medium usiyabuni, la sivyo utakuta wageni wamerundikana kwenye Unassigned, kapu la wale ambao Analytics haikuitambua njia yao.

Andika kila kitu kwa herufi ndogo. WhatsApp na whatsapp, kwa Analytics, ni vitu viwili. Mimi lebo zangu naziandika kwenye daftari la karatasi, moja kwa kila mstari, nanakili kutoka hapo. Wapo wanaopenda programu za kutengeneza lebo. Sijaona faida yake kwa duka dogo. Na usiweke lebo kwenye viungo vya ndani ya tovuti yako mwenyewe: utavuruga chanzo halisi cha mgeni.

Sasa sehemu iliyonila usiku mzima. Tuliweka lebo, tukatuma kwenye grupu, watu wakabonyeza, na bado ni Direct! Nikakagua herufi, nikaweka Analytics upya, umeme ukakatika, nikaendelea na mega za simu. Tatizo halikuwa huko. Yaya alikuwa ananakili anwani iliyo kwenye kadi yake ya biashara, isiyo na www. Seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) ilikuwa inampeleka mgeni kwenye anwani yenye www, na njiani inakata kila kilicho baada ya alama ya kuuliza. Lebo zilikuwa zinadondoka mlangoni.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma chochote, jitumie kiungo mwenyewe kwa WhatsApp, kibonyeze, ngoja ukurasa ufunguke wote, kisha gusa sehemu ya anwani juu na uisome hadi mwisho. Kama utm_source haipo tena, Analytics nayo haitaiona. Chukua anwani kama inavyosomeka baada ya ukurasa kufunguka, yenye https na www kama ipo, ndiyo uiwekee lebo. Kisha tazama ripoti ya Temps réel, inayoonyesha dakika 30 zilizopita. Ripoti ya hatua ya 1 inaweza kuchelewa siku moja hadi mbili, usiihukumu usiku uleule.

Hatua ya 5: Nchi

Yaya aliona "Rwanda" juu ya orodha ya nchi akataka kuelekeza matangazo huko. Ngoja kwanza. Nchi hukisiwa kwa mtandao uliotumika, na hapa wengi wana kadi ya SIM ya ng'ambo ya mpaka kwenye simu zao. Mteja aliyekaa Himbi, hapahapa Goma, akitumia kadi hiyo anahesabiwa yuko Rwanda. Tulimpigia mmoja aliyeagiza gauni wiki ile kumuuliza aletewe wapi. Alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwa yaya.