Kusoma biashara ya hoteli Uingereza kwa kuanzia faundesheni: njia nzima, na sehemu ambazo pesa zinaliwa

Wadogo zangu wa mahotelini, hasa nyie wa Kiwengwa na Nungwi mnaonipigia saa sita usiku kuuliza jinsi ya kwenda kusoma hoteli Uingereza, leo naliandika lote mara moja. Mimi nilianza mapokezi, hoteli ya ufukweni, miaka mitatu nampa mgeni dafu na taulo la baridi, ndo nikaenda Uingereza nikasoma miaka minne ya darasani, mmoja wa faundesheni na mitatu ya digrii, bila kuhesabu mwaka wa fildi (mafunzo kazini). Sasa hivi kazi yangu ni kupanga bei za vyumba. Sio kazi ya tai nzuri, nakaa na kompyuta siku nzima.

Kwanza tuelewane faundesheni ni nini. Ni mwaka sifuri, mwaka kabla ya mwaka wa kwanza. Kwa hesabu za Uingereza faundesheni iko ngazi ya 3, sawa na A-Level zao (mitihani yao ya kumaliza sekondari), halafu digrii yenyewe inaenda ngazi ya 4, 5 na 6. Kuna ile iliyoungwa humo humo ndani ya digrii, unaomba mara moja unapewa miaka minne, na kuna ile ya peke yake ambayo ukimaliza ndo unahamia chuo. Nazungumzia ya kwanza kwa sababu ndo niliyosoma.

Hatua ya 1: Hakikisha unaihitaji

Hapa ndo nilipopigwa, so naomba usome taratibu.

Nilikuwa na fomu siksi, prinsipo mbili, yaani pasi kamili za masomo mawili. Nikaenda kwa ejenti mmoja, jina lake naliacha, akaniambia cheti cha Tanzania hakitambuliki kule, lazima faundesheni. Nikakubali, nani atabishana na mtu mwenye ofisi yenye kiyoyozi na picha za majengo ya chuo ukutani. Nimefika kule nakutana na mdada wa Moshi ana matokeo kama yangu kabisa, yeye yuko mwaka wa kwanza moja kwa moja. Kumbe vyuo vingi vya Uingereza vinaichukulia fomu siksi yetu karibu na A-Level zao, ukiwa na pasi wanazotaka unaingia mwaka wa kwanza. Na ejenti analipwa kamisheni na chuo, kwa hiyo mwaka mmoja zaidi haumuumi yeye, unakuuma wewe.

Faundesheni inamhusu hasa mwenye fomu foo tu, au fomu siksi isiyofikia, au mtu aliyekaa nje ya shule miaka mingi. Wakenya wenye KCSE (mtihani wao wa kumaliza sekondari) mara nyingi nao wanaambiwa waanzie hapo, kwa sababu KCSE inahesabiwa chini ya A-Level. Dawa ni ndogo tu: piga picha matokeo yako, tuma imeili kwa watu wa udahili wa chuo chenyewe, sio ejenti, uliza maneno haya haya, "kwa matokeo haya naingia mwaka wa kwanza au faundesheni?" Tuma vyuo vitatu. Majibu yanakuja bure.

Ukishajua, piga hodi kwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kabla hujaondoka. Wao ndo wanaotambua vyeti vya nje, na kama umeenda na fomu foo unataka kujua mapema watakuchukuliaje ukirudi kutafuta kazi serikalini au masta. Na kama tatizo lako ni pointi tu za kuingia chuo na hela hauna, Chuo Kikuu Huria kina faundesheni yake hapa hapa nyumbani, bei haifanani hata kidogo. SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, wana utalii pale Maruhubi. Uingereza sio lazima jamani, mi nasema ukweli.

Hatua ya 2: Jua unaenda kusoma nini

Watu wengi wanadhani ni kupika na kutandika kitanda. Kuna kidogo, ndio, baadhi ya vyuo vina mgahawa wa mafunzo, ila neno la kulitazama kwenye jina la kozi ni "biashara". Utasoma hesabu za hoteli, masoko, sheria za kazi, usimamizi wa watu, na hesabu tena.

Nikupe mfano mmoja uone kama utaipenda. Hoteli ina vyumba 80. Jumatatu imeuza vyumba 60 kwa wastani wa dola 120. Jumanne imeuza vyumba 72 kwa wastani wa dola 95. Siku gani imefanya vizuri? Nilipokuwa mapokezi ningesema Jumanne bila kufikiria, hoteli imejaa, supavaiza anachekelea, lobi ina kelele. Sasa piga hesabu. Jumatatu 60 mara 120 ni dola 7,200. Jumanne 72 mara 95 ni dola 6,840. Gawa kila moja kwa vyumba vyote 80, sio vilivyouzwa, VYOTE, Jumatatu unapata dola 90 kwa chumba na Jumanne 85.50. Hiyo namba ndo inaitwa RevPAR, mapato kwa kila chumba kilichopo, na mameneja wa hoteli duniani kote wanaamka nayo. Na hapo bado hujatoa kwamba Jumanne hauskipingi wamefua shuka za vyumba 12 zaidi na jikoni wamekaanga mayai ya watu 20 na ushee zaidi. Hoteli iliyojaa imepata hela ndogo na imechoka zaidi.

Kama hapo umesisimka, kozi ni yako. Kama umepiga miayo na unachopenda ni jiko, tafuta chuo cha upishi, utafurahi zaidi.

Hatua ya 3: Kuomba

Digrii za Uingereza zinaombwa kupitia UCAS, mfumo wao wa pamoja wa maombi ya vyuo, unachagua kozi mpaka 5, dirisha kuu linafunga Januari ila vyuo vingi vinaendelea kupokea, na kuanzia Julai kuna kile wanaita Clearing, nafasi zilizobaki. Mwombaji wa nje asisubiri huko, viza haitakungoja. Andika vizuri namba ya kozi (code), ile yenye faundesheni na isiyo nayo zina namba tofauti, nimeona mtu kaomba ya miaka mitatu akakataliwa kumbe alitaka ya minne.

Barua ya kujieleza siku hizi ni maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini. Jumla herufi 4,000 na nafasi zake. Usiandike "tangu utoto wangu napenda kuhudumia watu", wanaisoma hiyo mara mia kwa siku. Mimi niliandika usiku mmoja tulipouza vyumba 43 na hoteli ina 41, kwa sababu kampuni ya watalii na tovuti ya kubuku vyumba zote zimeuza vyumba vile vile, wageni wamefika saa nne usiku na watoto wamelala mabegani, ikabidi niwatafutie hoteli jirani na nijue gari atalipa nani. Nikaeleza kosa lilianzia wapi kwenye mfumo. Basi, hiyo inatosha kuliko sifa zote.

Kiingereza kwa faundesheni mara nyingi wanataka alama 5.5 mpaka 6.0 kwenye IELTS (mtihani wa Kiingereza), angalia ukurasa wa kozi, na hakikisha ni ile ya UKVI (watu wa viza wa Uingereza) kama chuo kimesema hivyo.

Hatua ya 4: Hela na viza

Kaa chini.

Ada ya mwanafunzi wa nje kwa kozi hizi, vyuo vya kawaida, inacheza kati ya pauni 14,000 na 18,000 kwa mwaka. Zidisha kwa nne. Ndo maana nikapiga kelele hatua ya kwanza.

Bima ya afya ya viza ni pauni 776 kwa mwaka, na inalipwa yote siku unayoomba viza, sio mwaka kwa mwaka. Kozi ya miaka minne viza inazidi kidogo miaka minne, kwa hiyo andaa kama pauni 3,500 za bima tu. Hii ndo inawaangusha watu, wameweka ada, wameweka nauli, wanafika ukurasa wa mwisho wanaona hiyo namba wanafunga laptopu.

Halafu hela ya kujikimu. Tangu Novemba 2025 ni pauni 1,529 kwa mwezi London na 1,171 nje ya London, kwa miezi 9, yaani 13,761 au 10,539. Lazima ikae akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Nasisitiza bila kushuka, usije ukatoa laki mbili za sikukuu siku ya 19 ukarudisha kesho yake, umeanza upya kuhesabu. Na Tanzania na Kenya zote mnapima TB (kifua kikuu) kabla ya viza ya zaidi ya miezi 6, cheti chake kinaishi miezi 6, usipime mapema sana.

Nyie ndugu zetu mlioko huko huko Uingereza wenye makazi ya kudumu hesabu yenu ni tofauti. Ada ya ndani ya digrii ilikuwa mwisho pauni 9,535 kwa 2025/26, na faundesheni za masomo ya darasani mwaka huo zilishushwa mwisho pauni 5,760, ulizeni kozi yenu imewekwa kundi gani. Mkopo wa serikali unalipia faundesheni iliyoungwa na digrii, ile ya peke yake hapana. Una riba, najua wengine wetu hilo linatukwaza, hapo kila mtu na mashauriano yake.

Hatua ya 5: Ule mwaka wenyewe

Alama za faundesheni kwa kawaida haziingii kwenye daraja la digrii, unatakiwa tu kufaulu, mara nyingi 40. Ndo mtego. Watu wanalala, wanafanya shifti za baa mpaka saa tisa usiku, halafu mwaka wa pili alama zinaanza kuhesabiwa na hawajui kuandika.

Asaimenti yangu ya kwanza ilikuwa maneno 1,000 kuhusu kwa nini wafanyakazi wa hoteli wanaacha kazi sana. Nikaandika kwa uchungu, maana nayajua, mshahara, shifti, supavaiza mwenye mdomo. Nikapata 38. Pembeni mwalimu kaandika swali moja mara nne: "umejuaje?" Nilikasirika kweli, nimejuaje vipi na mimi ndo niliyefanya kazi! Nikamfuata ofisini, akanitolea ripoti mbili za wengine, akasema sentensi yako ni nzuri, sasa mtafute mtu aliyepima jambo hilo hilo, uone kama anakubaliana na wewe, na kama hakubaliani useme kwa nini. Faundesheni nzima ni hiyo. Unadai kitu, unaonyesha umekitoa wapi, unapima. Nilirudia nikapata 58.

Na usilie ukiona 62. Sisi tumezoea 62 ni aibu, kule 60 kwenda juu ni vizuri na 70 ndo daraja la kwanza. Mama aliniuliza "mbona umefeli?" nikashindwa hata kumueleza.

Vitu vya kufanya mwaka huo: jifunze kupanga marejeo ya Harvard (mtindo wa kutaja ulikotoa habari) mpaka uote, na jifunze Excel sawasawa, sio kujumlisha tu. Usinunue asaimenti mtandaoni, wanakukamata, na kuziuza England ni kosa la jinai tangu 2022. Nenda kwa mwalimu kwenye saa zake za ofisi, Wabongo tunaona haya kwenda, wenzetu wanapanga foleni.

Suala la pombe, kwa Waislamu wenzangu. Kuna vipindi vya mvinyo. Mimi nilienda mapema nikamwambia mwalimu sinywi, akaniruhusu kunusa, kusoma na kuandika, sikupoteza alama hata moja. Sema mapema tu, sio glasi ikiwa mbele yako.

Hatua ya 6: Kazi na fildi

Viza ya mwanafunzi inaweka kikomo cha saa za kazi wakati wa masomo: kozi ya ngazi ya digrii saa 20 kwa wiki, chini ya digrii saa 10. Kwenye faundesheni hii inategemea chuo kimekuandikia kozi gani, so soma barua ya viza yako mwenyewe, usisikilize mtu wa gheto. Ukizidisha saa mbili tu umevunja masharti.

Anzia kazi za bafe la asubuhi. Nani anazitaka? Hakuna, ndo maana unazipata, na saa tano uko huru kwenda darasani. Utajifunza vyakula 14 vinavyoleta mzio (aleji) kwa lazima, ufuta, karanga, maziwa, haradali na vingine, kwa sababu kule mgeni akiuliza "hii ina nini" jibu "sidhani kama ina karanga" linaweza kuua mtu. Na tipu, tangu Oktoba 2024 sheria inasema mwajiri asikate hata senti, zigawiwe kwa haki, kwa hiyo uliza zinagawiwaje.

Kati ya mwaka wa pili na wa tatu vyuo vingi vinatoa fildi ya mwaka mzima. Ukubali. Ila iombe mapema, hoteli kubwa zinaanza kuajiri fildi karibu mwaka mzima kabla, na chuo hakikutafutii, kinakusaidia tu. Mimi niliomba sehemu 27, nikajibiwa na 6, nikafanya usaili 3. Walionichukua waliniuliza swali moja tu la maana: hoteli yetu Jumapili inauza vyumba nusu, ungefanyaje? Nikawaambia kabla sijashusha bei naomba nione Jumapili wanalala watu gani na wameingia kupitia wapi. Jumatatu yake nikapigiwa simu.

Baada ya kuhitimu kuna viza ya miaka 2 ya kutafuta kazi, ila kwa wanaoomba kuanzia 1 Januari 2027 inakuwa miezi 18, na tangu Julai 2025 kazi ya kukufadhili viza kwa kawaida lazima iwe ya ngazi ya digrii, upishi umetolewa. Kwa hiyo anayekwambia "we nenda tu, utabaki huko huko" muulize utabaki kwa kazi ipi, akutajie jina la kazi.