Mwamba wa Matumbawe kwa Mtoto wa Nairobi: Anza na Mnyama, Samaki Baadaye

Likizo ya Agosti ikikaribia, wazazi wa watoto ninaowafundisha chekechea hapa South B huniuliza swali moja: mwalimu, tunateremka Mombasa, tumwonyeshe mtoto nini baharini? Wengi wao huwa wameshamwekea video za samaki wa rangi rangi. Sizikatai. Lakini mtoto anayeanza na samaki huuona mwamba kama ukuta, na ukuta hupandwa, hukanyagwa, hata humeguliwa kipande cha kupeleka nyumbani. Nataka mtoto afike pwani akijua kwamba lile analoliona kama jiwe ni wanyama, maelfu yao, na kila mmoja ana mdomo. Somo hilo huanzia jikoni kwako, karibu kilomita 500 kutoka baharini.

Tafuta trei tupu ya mayai. Kanda unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja na maji kidogo kidogo mpaka donge lisigande vidoleni. Mtoto afinyange kitumbo kifupi chenye tundu juu, kisha azungushie tundu hilo vipande vya uzi wa kufuma viwe mikono. Huyo ndiye polipu, yaani mnyama mmoja mmoja wa matumbawe, ndugu wa mbali wa yavuyavu. Kila shimo la trei lipate polipu wake. Hapo mweleze kwamba kila polipu hujijengea kikombe cha mawe cha kukalia, na kwamba majirani wameungana kwa ngozi nyembamba, hivyo alichokula mmoja huwafikia wenzake. Mwambie pia kwamba tundu ni moja tu: chakula huingilia hapo, na uchafu hutokea hapo hapo. Watacheka sana. Waache wacheke, maana hilo hawatalisahau.

Matumbawe mengi hutoa mikono yao usiku kuvua vidudu vinavyoelea majini. Kwa hiyo mchezo wetu ni huu: kata ncha ya soksi kuukuu, mtoto aivae mkononi, ngumi ikiwa ndani. Zima taa, vidole vichomoze polepole na kupungapunga. Washa taa, vidole virudi ndani haraka. Ukigusa soksi kwa kidole, pia virudi ndani. Rudieni mpaka mtoto mwenyewe aseme, "Usimguse, atajificha." Ukisikia neno hilo, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Sasa chukua ndengu mbichi, uzibandike kwenye wale polipu wa unga. Ndani ya mwili wa tumbawe huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, humgawia mwenyeji wake sehemu kubwa, na ndio unaompa rangi nyingi tunazoziona. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, polipu huutoa mwani nje. Mtoto abandue ndengu moja moja, aone unga unavyobaki mweupe. Hivyo ndivyo ilivyotokea pwani yetu mwaka 1998, bahari ilipopata joto la El Niño na matumbawe mengi kufa. Usiishie hapo, hasa kwa mtoto mwenye moyo mwepesi. Tumbawe lililokuwa jeupe bado li hai, lina njaa tu. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi. Mpe ndengu azibandike tena. Kwa wa miaka mitatu sehemu hii mimi huiruka.

Gamba la yai likiwekwa katika bilauri ya siki hutoa mapovu. Kikombe cha mawe cha polipu kimetengenezwa kwa kitu kile kile, kalsiamu kaboneti. Matumbawe ya mviringo, yale makubwa kama mawe ya jikoni kwa wazee, hukua kama sentimita 1 kwa mwaka, upana wa kucha ya kidole chake. Msimamishe ukutani, umpime kimo chake, umwambie tumbawe refu kama yeye lilianza kukua kabla bibi yake hajazaliwa.

Samaki sasa. Nenda naye City Market pale Muindi Mbingu, upande wa samaki, uulize pono. Akipatikana, mwombe muuzaji amfunue mdomo. Meno yameshikana yakawa kama mdomo wa kasuku, nayo huparuza mwamba kutafuta mwani. Mawe anayomeza huyasaga na kuyatoa yakiwa mchanga, na mchanga mweupe wa fukwe zenye matumbawe umechangiwa sana na pono. Usiku hulala fofofo kwenye mianya ya mwamba, wengine wakijifunika utando wa ute. Usingizi wa pono tunaowasingizia watoto asubuhi ya shule upo kweli.

Safari yenyewe ipangwe kwa mwezi, si kwa kalenda ya ofisi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hukupwa sana, na upande wa Mombasa hufika chini kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Ingieni mwambani maji yakiwa bado yanatoka, mrudi kabla hayajaanza kujaa. Muulize mvuvi wa hapo saa kamili. Hakuna anayejua kuliko yeye. Mtoto avae sandak, vile viatu vya plastiki, kwa sababu ya wale wanyama wa miiba mirefu myeusi, na shati la mikono mirefu. Akanyage mchanga tu. Konokono wa umbo la koni asiguswe kabisa, wako wenye sumu kali. Mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote, hata akilia.

Kwenye kidimbwi, chuchumaeni msitembee. Kata chupa pana ya plastiki pande zote mbili, funga upande mmoja kwa ile plastiki angavu ya kufunikia vitabu vya shule na mpira wa kufungia, kisha uzamishe upande huo majini. Mawimbi ya juu hayamsumbui tena. Ataona jongoo bahari, kiti cha pweza (yule mnyama wa umbo la nyota), labda na kaa anayebeba gamba la konokono. Mkikaa kimya, samaki wadogo hutoka wenyewe.

Likizo ikiangukia maji mafu, siku ambazo maji hayakupwi sana, msilazimishe. Pandeni boti yenye sakafu ya kioo katika hifadhi ya Mombasa, Watamu au Malindi. Hizi mbili za mwisho zililindwa tangu 1968. Maji ya kunywa mbebe kwenye chupa ya kudumu, kwani tangu Juni 2020 plastiki ya kutumia mara moja imepigwa marufuku hifadhini. Kwa mtoto ambaye mikono yake haitulii, malizieni Fort Jesus. Ngome hiyo, iliyoanza kujengwa 1593, kuta zake ni za mawe ya matumbawe ya kale. Vikombe vya polipu vikionekana kwenye jiwe, hapo apapase atakavyo.