Namna ya kutafsiri filamu ya Fassbinder sebuleni bila kuiharibu

Kazi hii niliianzia kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, Manzese, Dar es Salaam: maiki mkono huu, rimoti mkono ule, nikiwatia Wachina wa kwenye filamu Kiswahili mdomoni. Siku hizi nasafisha ofisi hapa München, na Jumapili huwatafsiria wageni wangu *Angst essen Seele auf*, filamu ya mwongozaji Mjerumani Rainer Werner Fassbinder ya mwaka 1974. Ilipigwa mji huu huu kwa kama wiki mbili tu, kwa fedha kidogo. Emmi, mjane msafishaji wa miaka sitini hivi, anaingia baa kukwepa mvua. Anacheza dansi na Ali, fundi magari wa Kimoroko, kijana kwake kabisa. Wanaoana, na mtaa mzima unawapa kisogo.

Anza na jina la filamu, ambalo ni maneno ya Ali mwenyewe. Ali anasema Kijerumani cha kuungaunga, kitenzi hakikunyambuliwa. Ukitafsiri "Woga huila roho" umemsahihisha mgeni wa watu. Sema "Woga kula roho", uache kosa lisikike. Mwenye duka anajifanya haelewi Ali anataka nini, na ukimpa Ali Kiswahili cha redio, tukio zima linakufa.

Pili, nyamaza. Mara ya kwanza nilifanya kama Manzese. Wawili hao wamekaa peke yao bustanini, viti vya njano vitupu kila upande, wahudumu wamesimama mbali wakiwakodolea macho. Mimi nikamtungia mhudumu kichekesho. Watu walicheka, na Emmi alipolia bado walikuwa wanacheka. Sasa hapo naweka maiki chini, nahesabu kimoyomoyo mpaka thelathini. Fanya vivyo hivyo mwana wa kiume wa Emmi anapoipiga teke televisheni. Teke halina lugha.

Kuna Ali akioga, uchi. Waambie wakubwa mapema, wasio radhi waende jikoni kuchemsha chai. Usizibe kioo kwa kiganja kama nilivyowahi kufanya. Ila kwangu uchi haukuwasumbua watu. Shangazi mmoja alichoudhika nacho ni umri: "Mama mtu mzima, hana haya?" Usimjibu. Mwache aendelee kutazama.

Maana nusu ya pili ndiyo ngumu. Majirani wanarudi na tabasamu: huyu anataka nafasi ya stoo, muuza duka anataka mteja, mwana wa Emmi anataka mtu wa kumlelea mtoto. Emmi naye anageuka. Anamkatalia Ali kuskusi, ati azoee vya Kijerumani, kisha anawaachia wenzake wa kazini wampapase misuli kama ng'ombe wa mnadani. Hapa tafsiri neno kwa neno, usimpunguzie Emmi hata moja kwa sababu umempenda. Shangazi yule yule ndiye aliyeruka: "Kumbe na yeye!"

(Kuskusi usipike siku hiyo. Nilipika, nusu ya watu wakawa wanachungulia sufuria.)

Mwishoni Ali anaanguka, vidonda vya tumbo. Daktari anaeleza kuwa wafanyakazi wageni huugua hivyo sana, na kwamba atarudi hospitali baada ya nusu mwaka. Yatafsiri maneno hayo makavu, bila kutetemesha sauti. Taa usiwashe upesi; mwenzangu mmoja, naye msafishaji, huhitaji dakika mbili za kutafuta miwani ambayo ameivaa.