Moto wa gesi ukigeuka njano
Baridi hii ya Juni na Julai, kuanzia Uyole hadi Makete huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, wengi tukishapika tunaliacha jiko la gesi likiwaka ili tuote moto. Basi tazama rangi yake. Ukiwa wa bluu, gesi inaungua vizuri. Ukiwa wa njano na sufuria inashika masizi, unapoteza gesi na unazalisha kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na harufu wala kuwasha macho. Langu lilizibwa na uji uliomwagika ukakaukia kwenye matundu. Lilipopoa nikazibua kwa sindano, bluu ikarudi. Dirisha liache wazi kidogo, hata kama meno yanagongana. Na mkaa chumbani usiku? Hapana, hata uwe umekolea namna gani, nao hutoa hewa hiyo hiyo.