Zabibu zikianza kuiva, weka bomba chini

Msimu wa kuvuna ukifika, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, wakulima wa zabibu wa Hombolo, Mpunguzi na Mbabala mkoani Dodoma hukimbilia bomba la kupulizia dawa mara wanapoona nyigu (wengine mnawaita mavu) wamejaa kwenye vichala. Ndugu mkulima, hapo unaharibu kazi ya miezi yote. Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, na zimeandikwa kwenye lebo: kuna cha siku 7, kuna cha 14, kuna cha 21. Zabibu iliyoiva haisubiri siku 14. Kwa hiyo unavuna siku ya tatu, sumu ingali juu ya punje, na watoto wako wameshazila shambani. Kuosha hakutoshi, maana dawa nyingine hupenya ndani. Na usinijibu kwamba muuza pembejeo alisema hiyo ni dawa nyepesi. Soma lebo, au mpe kijana akusomee, uhesabu siku kuanzia ulipopuliza mara ya mwisho.

Tena nyigu hao wanatoka nje ya shamba. Ukiua wa leo, kesho wanakuja wengine kutoka mitini na kwenye mapaa. Watakaoteketea ni nyuki wa jirani mwenye mizinga. Zabibu zikiwa mbichi, nyigu huyohuyo anawinda viwavi kwa ajili ya watoto wake. Sukari anaifuata baadaye, na mara nyingi anaingilia punje iliyokwisha kupasuka: iliyodonolewa na ndege, iliyoharibiwa na ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga), au iliyopasuka kwa sababu uliacha udongo ukauke kabisa kisha ukamwaga maji mengi kwa mkupuo.

Mitego iwekwe punje zinapoanza kulainika na kubadilika rangi, si siku ya kuvuna! Kata chupa ya lita 1.5 sehemu ya juu, uigeuze iingie ndani kama faneli. Tia maji mililita 200, sukari vijiko 2 vya chakula, siki kijiko 1 na tone la sabuni ya maji. Siki usiiache, ndiyo inayowafukuza nyuki. Ning'iniza mita 5 hadi 10 nje ya mistari ya mizabibu. Ukiuweka katikati, unawaita ndani. Badilisha mchanganyiko kila siku ya tatu.

Vichala vilivyopasuka viondoe kila baada ya siku mbili, uvifukie sentimita 30. Wengi mnavitupa pembeni ya shamba, halafu mnalalamika nyigu hawaishi. Vuna alfajiri, kreti zifunikwe neti.

Kiota kilicho mbali na njia kiacheni. Msikichome kwa petroli. Aliyeumwa akivimba uso au akishindwa kupumua, mkimbizeni kituo cha afya saa hiyohiyo.

Mitego ikifanya kazi, nyigu kwenye vichala watapungua.