Ndege ya karatasi inainua pua halafu inadondoka? Cheza na uzito

Ukirusha ndege yako ikanyanyua pua, ikasimama hewani kidogo halafu ikarudi chini kwa mkia, ujue mbele ni nyepesi. Chukua klipu moja ndogo, ibane puani kwenye ule mkunjo wa kushikia, rusha tena taratibu. Karatasi ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80 kwa mita moja ya mraba, yenyewe nzima ina gramu 5 tu, kwa hiyo klipu moja inabadilisha mambo kweli kweli, usikimbilie kuweka tatu.

Sasa ikianza kupiga mbizi usitoe klipu kwanza, kunja kingo za nyuma za mabawa ziangalie juu kidogo, milimita 2 hivi zinatosha, mkia utashuka na pua itanyanyuka. Klipu mkiani usijaribu, ndo umeiua kabisa.

Umbo nalo lina mambo yake, mabawa mapana yanaelea polepole, safi kwa sebuleni, ila ile nyembamba yenye pua kali inataka mkono wa nguvu. Ikikata kona upande mmoja, kabla hujalaumu upepo itazame kwa nyuma, mara nyingi bawa moja limepinda.